Corolla 110 inaunguza fyuzi ya taa za pakingi kila ukiwasha: shoti inatafutwa hivi

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya 1998, otomatiki. Wiki ya pili sasa nikiwasha taa za pakingi fyuzi ya 15 inakatika hapohapo, taa za nyuma hamna, dashibodi giza, ila taa kubwa zinawaka na za breki zinawaka. Fundi wa kwanza kaniambia wayaringi imechoka ibadilishwe yote, wa pili kasema niweke fyuzi ya 30 itavumilia. Mi ni mwalimu niko Morogoro, natoka kazini giza limeshaingia, siwezi kutembea barabarani bila taa za nyuma. Nina mita ndogo na spana naweza kushika. Nianzie wapi?"

Marahaba mwalimu.

Nianze na hiyo fyuzi ya 30 kabla hujaenda kuinunua, manake hiyo ndo inayonikosesha usingizi kwenye swali lako lote. Usiweke. Usiweke ya 30, usiweke ya 20, usisokote waya wa shaba, usiweke karatasi ya pakiti ya sigara, hata kama ni kwa safari moja tu ya kufika nyumbani. Fyuzi yako haina ugonjwa wowote, inafanya kazi yake vizuri kabisa, inakatika ili waya usiungue. Sasa ukiweka ya kijani ya 30 mahali pa ya bluu ya 15 umesema hivi: kama kuna ampea 25 zinavuja mahali fulani chini ya kapeti, ziache zivuje. Ampea 25 kwa volti 12 ni wati 300, joto lote hilo linakaa sehemu ndogo sana kwenye kiwaya chembamba kilichofungwa pamoja na waya wenzake ishirini ndani ya tepu, na chini yake kuna sponji la kapeti. Hapo fyuzi haikatiki ng'o, kinachokatika ni waya, na kabla haujakatika unayeyusha na majirani zake.

Niliwahi kuletewa gari ya hivyohivyo zamani nikiwa bado kijana gerejini, mwenyewe alifungia karatasi ya sigara kwenye fyuzi ya taa, akaendesha kama siku tatu taa zinawaka vizuri akaona amepata dawa. Siku ya nne akasikia harufu ya plastiki, akadhani ni gari iliyo mbele yake. Tulipofunua kapeti upande wa dereva kifungu kizima cha waya kilikuwa kimeshikana kama ugali wa jana, waya wa pampu ya mafuta umegandana na waya wa indiketa, wa power window umegandana na wa taa ya kuba, huwezi kujua upi ni upi. Chanzo tulikuja kukipata baadae kwenye soketi ya taa ya namba, kazi ambayo ingekuwa ya robo saa. Kwahiyo ukinikuta nasisitiza sana hili jambo ndo sababu yake.

Na huyo wa kwanza aliyesema ubadilishe wayaringi yote, hapana pia. Wayaringi utakayoletewa ni ya mtumba, imetolewa kwenye gari ya miaka ileile kama yako, imekatwakatwa huko ilikotoka, na dashibodi yako itang'olewa yote. Waya wenye shida kwenye gari yako ni mmoja, na mahali penye shida pengine ni padogo kuliko ukucha. Kazi yetu ni kupafikia bila kubomoa nyumba nzima.

Sasa tuelewane kwanza shoti ni nini, fupi tu. Umeme wa taa ya pakingi unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), unatembea kwenye waya mpaka kwenye globu, unapita ndani ya globu alafu unarudi betri kupitia bodi ya gari, ile tunayoiita ethi. Kinachozuia umeme usikimbie ovyo ni globu, ndo breki yake. Sasa kama mahali fulani njiani ganda la waya limekwanguka na shaba ikagusa bati, umeme unakuwa umepata njia ya mkato, unarudi betri bila kupita kwenye globu, hakuna wa kuuzuia, zinapita ampea nyingi mno kwa mara moja na fyuzi inakatika.

Na tupige hesabu ndogo uone kwamba wewe huna tatizo la mzigo kuzidi. Taa mbili za pakingi za mbele wati 5 kila moja, mbili za nyuma wati 5 kila moja (ile globu ya nyuzi mbili ya 21/5, uzi mdogo ndo wa pakingi), taa mbili za namba wati 5 kila moja. Jumla wati 30, gawa kwa 12 ni ampea 2.5. Taa za dashibodi, vitufe vya AC, redio, mwanga wa soketi ya sigara, hivyo vyote ni vidogo vidogo, weka ampea moja hivi. Saketi nzima inakula ampea tatu na nusu mpaka nne, na fyuzi ni 15. Hata ungeongeza taa mara mbili isingekatika. Kwahiyo yako ni shoti ya kugusa bodi, moja kwa moja.

Uthibitisho unao mkononi tayari kama hujazitupa hizo fyuzi zilizoungua. Shika moja uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa kile kidirisha cha plastiki kimechafuka kwa ndani, kina weusi au matone ya metali yamerukia, hiyo imekatika kwa kishindo, shoti kavu. Ikiwa kile kiuzi kimeyeyuka taratibu katikati na kidirisha kisafi, hapo mzigo ulizidi kidogo kidogo. Kwa maelezo yako ya "hapohapo" mi nategemea utakuta nyeusi.

Alafu kabla ya kushika spana yoyote jiulize swali moja, na ulijibu kwa ukweli: wiki mbili zilizopita, kabla tatizo halijaanza, nini kilifanyika kwenye hii gari? Redio mpya? Spika za nyuma? Namba mpya zilifungwa kwa skrubu? Bampa lilitolewa likapigwa rangi? Ulibeba mabati au magunia kwenye buti? Shoti nyingi sana kwenye gari za umri huu sio uzee, ni mkono wa mtu. Skrubu ndefu ya spika imetoboa kifungu cha waya, au kile kiplastiki cha mlangoni kilirudishwa vibaya kikabana waya na bati. Nikiletewa gari swali hili ndo la kwanza kumuuliza mteja na limeshaniokolea kazi ya siku nzima mara nyingi tu.

Redio hasa. Kama gari yako ina redio ya kununua iliyofungwa kwa kukata soketi ya kiwandani, basi hapo ndo uanze hata kabla ya yote. Kwenye soketi ya redio ya Toyota za wakati huo kuna waya wa kijani, huo kazi yake ni kuleta umeme ukiwasha pakingi ili vitufe vya redio viwake mwanga. Mafundi wengi wa redio huwa hawauhitaji, wanaukata wanauacha, wengine hata tepu hawafungi, au wanafunga ile tepu ya bei ndogo ambayo gundi yake kwa joto la jua la kwetu inayeyuka na kujifungua yenyewe. Baada ya miezi ule waya unalala juu ya fremu ya chuma ya redio, siku gari inapita kwenye tuta unagusa, fyuzi ya pakingi kwaheri. Vuta redio nje, tafuta huo waya, ufunge vizuri peke yake, jaribu. Usije ukafunga waya wote pamoja kwa tepu moja, kila mmoja na yake.

Kama redio ni ya kiwandani au waya uko salama, tunaendelea.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo wenye mita wengi wanalifanya, na najua na wewe ungelifanya kwasababu umesema una mita. Mtu anatoa fyuzi, anachomoa betri, anaweka mita kwenye omu (kupima ukinzani wa waya), ncha moja kwenye mguu wa fyuzi unaoenda kwenye taa na nyingine kwenye bodi, inasoma 0.6 au inalia piii, anasema "shoti hii hapa", anaanza kuchana wayaringi. Anatoa globu moja bado inalia, anachana zaidi. Gari inaisha. Wakati kilichokuwa kinalia ni globu zenyewe! Globu ya wati 5 ikiwa inawaka ina kama omu 29, lakini ikiwa baridi ni kama omu 3 tu, uzi wake ukiwa baridi unapitisha umeme kwa urahisi sana. Sasa globu sita zimefungwa sambamba, zote baridi, zinasomeka karibu nusu omu. Mita yako ndogo ukigusisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe inasoma 0.3 au 0.5. Itatofautishaje shoti na globu nzima sita? Haiwezi. Kwahiyo mita ya omu kwenye saketi ya taa haina maana yoyote mpaka globu zote ziwe nje. Hili ukilishika umeshawazidi wengi wanaolipwa kwa hii kazi.

Mi mita naiweka pembeni kwanza, natumia globu. Na hiki kifaa utakitengeneza mwenyewe leo jioni. Chukua moja ya hizo fyuzi zako zilizoungua, bana kwa koleo utoe plastiki ya juu ubaki na miguu miwili, chomelea kila mguu kipande cha waya kama mita moja, mwisho wa waya funga holda ya globu ya indiketa, ile ya wati 21. Hakikisha miguu haigusani, funga tepu katikati. Sasa ukichomeka hii miguu mahali pa fyuzi umeme wote wa saketi ya pakingi unalazimika kupita kwenye globu yako. Hata kama kuna shoti kavu kule mwisho haziwezi kupita zaidi ya ampea 1.75 hivi, manake 21 gawa kwa 12, waya haupati joto, hakuna kinachoungua, na unaweza kuiacha inawaka nusu saa huku unatafuta. Hutonunua tena fyuzi za kuchoma moja baada ya nyingine.

Globu hiyo inasomwa hivi. Ikiwaka mwanga wake kamili, kama indiketa ya kawaida, shoti bado ipo. Ikififia ghafla au kuzima wakati unagusa au unachomoa kitu, hapo hapo simama, ulichokigusa ndo penyewe au ni jirani yake.

Lakini kuna mtego uleule wa mita, globu zikiwa ndani zote taa yako ya kupimia itawaka kwa nguvu hata kama hakuna shoti. Kwahiyo toa globu zote sita za nje kwanza, mbele mbili, nyuma mbili, namba mbili. Zile za dashibodi ziache, zitaifanya globu yako iwake wekundu hafifu kama kaa linalotaka kuzimika, huo wekundu usikutishe. Kama dashibodi yako ina kile kigurudumu cha kupunguza mwanga kipunguze mpaka mwisho.

Na usizitoe zote kwa mkupuo. Washa pakingi, acha globu ya kupimia inawaka, alafu toa moja moja, na kila ukitoa geuza macho uangalie globu yako, au bora umweke mtoto mmoja aikodolee akwambie "imefifia". Ukitoa globu moja na mwanga ukashuka mara moja sana, shoti iko kwenye hiyo globu au soketi yake, umemaliza kazi. Angalia kitako cha globu, zile nukta za lisasi chini zikiwa zimeyeyuka na kutambaa zinagusa ganda lake la chuma, hiyo ni shoti ndani ya globu yenyewe na dawa yake ni globu mpya. Angalia ndani ya soketi, kama kuna kutu na unyevu, au kile kiplastiki kimeungua na kile kibati cha mguso kimelala ubavuni. Taa za namba zinaingiza maji kuliko taa zote kwenye gari, gasketi yake imeshakauka miaka mingi, hizo zikague hata kama hazijakupa ishara.

Globu zote sita ziko nje na bado taa ya kupimia inawaka kamili? Basi shoti iko kwenye waya. Usichane tepu hata sentimita moja bado. Sasa tunagawa gari nusu kwa nusu.

Nenda kwenye buti, fungua, shika ule mfuko mweusi wa waya unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye kifuniko. Huku pakingi imewashwa na globu ya kupimia inaonekana, funga kifuniko taratibu, fungua taratibu, tikisa, pinda. Mi ningekuwa na gari moja tu ya kukagua bila kifaa chochote ningeanza hapa. Hebu fikiria, kifuniko hicho kimefunguliwa na kufungwa mara ngapi tangu 1998, na kila mara zile waya zinapindwa mahali palepale. Waya kama msumari mwembamba ukiupinda mbele nyuma, siku yake inafika.

Nilifungua moja kama hiyo gari ya mzee mmoja mstaafu, fyuzi inakatika usiku tu anasema, mchana haikatiki hata akijaribu. Kumbe mchana alikuwa anajaribu buti likiwa wazi kwasababu anachungulia taa za nyuma, usiku anaendesha buti likiwa limefungwa! Ule mfuko kwa nje ulikuwa mzima kabisa, hata hauna mkwaruzo. Nikauchana kwa wembe kwa urefu, taratibu, ndani kuna waya saba. Sita wazima. Mmoja ganda limepasuka kuzunguka kama limekatwa na meno, pamebaki uwazi wa nusu sentimita, shaba yake imegeuka nyeusi yenye ukijani, nyuzi tatu nne zimekatika zimesimama kama ndevu. Na pale kwenye mkono wa bawaba, sawa kabisa na hizo ndevu, kuna kidoa cheusi cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti, rangi imeungua bati linaonekana. Ukikiona hicho kidoa huna haja ya kuendelea kutafuta. Huwa napenda kumuita mwenye gari aje akione kwa macho yake kabla sijafunga.

Kama kifuniko cha buti hakina neno, chomoa konekta inayopeleka waya nyuma. Kwenye gari nyingi za aina hii kifungu cha nyuma kinashuka miguuni pembeni ya dereva au abiria, kinapita chini ya kile kiplastiki cha kukanyagia mlangoni, chini ya siti ya nyuma, kinaingia buti. Toa hivyo viplastiki, utakutana na konekta. Ichomoe. Taa ya kupimia ikififia, shoti iko nyuma ya hapo. Isipofifia, iko mbele, kwenye dashibodi au kwenye injini. Umeshaondoa nusu ya gari kwa kuchomoa kitu kimoja. Kila konekta unayoikuta njiani fanya vivyo hivyo, mpaka ubaki na kipande cha mita moja au chini.

Ukifungua miguuni na chini ya usukani ukaona waya zenye mfuko au konekta ya rangi ya njano, hizo ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Usizichomoe, usizipime na kitu chochote, usizichome na sindano ya testa. Na hii globu ya kupimia ni ya saketi za taa na vitu vizito vizito tu, usiipeleke kwenye waya za kompyuta ya injini.

Upande wa mbele sehemu za kuangalia ni chache. Waya wa pakingi unaopita karibu na trei ya betri, asidi na kutu vinakula hapo. Waya nyuma ya taa kama gari iliwahi kugongwa, fundi bodi hubana kifungu kati ya bati na bampa bila kujua. Soketi ya sigara nyuma yake, ile taa ndogo ya mwanga. Na otomatiki kama yako kuna kiglobu kinachowasha zile herufi za gia P R N D, kiko chini ya ile plastiki ya gia, soda ikimwagika hapo inaingia moja kwa moja kwenye kisoketi. Mwalimu, kama una watoto wanapanda hiyo gari, hapo pakague mapema.

Panya nao. Ukipaki chini ya mti au karibu na stoo ya mahindi wanaingia, na wanapenda kifungu cha waya cha chini ya siti ya nyuma kwasababu kuna joto na sponji ya kutengenezea kiota. Utaona mavi yao kabla hujaona waya.

Ukishabaki na kipande kifupi na huoni kitu kwa macho, kuna njia moja ya wazee wa kazi, dira. Dira ya kawaida ya kuonyesha kaskazini. Weka globu ya taa kubwa ya wati 55 badala ya ile ya 21 ili zipite ampea nne na kitu, alafu ipitishe dira polepole juu ya kapeti kufuata njia ya waya huku msaidizi anawasha na kuzima swichi ya pakingi. Waya wenye umeme unavuta sindano, kila akiwasha sindano inaruka. Inaruka, inaruka, unasogea, ukipita tu mahali pa shoti sindano inatulia, manake umeme umeshaingia kwenye bodi hapo, hauendelei mbele. Lazima dira iwe karibu sana na waya, sentimita moja mbili, na usiangalie inaelekea wapi, angalia kama inaruka. Mabati ya gari yanaichanganya mwelekeo ila mruko hayauzuii.

Haya umepata penyewe. Sasa usiharibu mwishoni. Kwanza chomoa hasi ya betri, spana namba 10. Kata sehemu yote yenye shaba nyeusi mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita tano kila upande, shaba nyeusi haishiki lisasi na itakula tena ndani kwa ndani. Kama ni kwenye bawaba ya buti usiunge palepale panapopinda! Kiungo cha lisasi ni kigumu, waya utakatika tena pembeni mwa kiungo ndani ya miezi michache. Weka kipande kipya kirefu cha waya laini wa gari wa nyuzi nyingi, unene uleule, kivuke bawaba chote, viungo viwe viwili, kimoja ndani ya buti na kimoja ndani ya kifuniko, mahali pasipopinda. Kama waya ni zaidi ya mmoja viungo visikae sambamba, kimoja huku kingine kule, ili hata ikitokea tepu ikafunguka visigusane. Vaa kila kiungo ule mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, uingize kwenye waya kabla hujaunga, watu husahau wanaanza upya. Acha ulegevu kidogo, alafu fungua na kufunga buti mara kumi uangalie hakuna kinachovutwa wala kubanwa. Ule mpira wa kwenye tundu la bati urudishe, kama umepasuka tafuta mwingine, bila mpira ukingo wa bati ni kisu.

Na waya mwingine kwenye hiyo bawaba ambao ganda lake limeanza kupasuka ubadilishe leoleo ukiwa umeshafungua, usiseme huu bado unafaa.

Kisha rudisha globu zote, globu ya kupimia toa. Kabla ya kuweka fyuzi mpya chukua sasa ile mita yako, iweke kwenye ampea, ule mlango wa 10A, ncha nyekundu uihamishie huko, weka ncha mbili mahali pa miguu ya fyuzi washa pakingi. Hii ni baada tu ya globu ya kupimia kukuthibitishia shoti haipo, vinginevyo utachoma fyuzi ya ndani ya mita. Unatakiwa usome kati ya tatu na nne hivi. Ukisoma saba au nane kuna kitu bado kinakula, usifunge. Ukisoma sawa weka bluu ya 15, urudishe ncha ya mita mahali pake pa volti, tafuta barabara yenye matuta uzunguke nusu saa pakingi ikiwa imewashwa na dashibodi inaonekana. Ikihimili matuta ya Morogoro imepona.

Kwa jioni hii, kama lazima utoke kazini na giza na hujaanza kutafuta, liache gari shuleni upande boda au daladala. Najua ni usumbufu, lakini gari bila taa za nyuma kwenye ile barabara ya malori hapana.

Anza na redio, alafu globu sita, hasa za taa za namba, alafu bawaba ya buti, kwa mpangilio huo. Ukikwama niandikie globu ya kupimia ilifanya nini ulipochomoa ile konekta ya miguuni, ilififia au haikufifia, na kama gari iliwahi kugongwa upande gani, na picha ya hiyo fyuzi iliyoungua ikiwa imepigwa karibu, nitakwambia uende mbele au nyuma.